Sange na Njia Aliyoifagia

Hodi ya ngano!
— Karibu, ngano, kaa!
Nikae wapi?
— Masikioni!
Nikae hadi lini?
— Hadi uishe!

Basi nimekaa. Ila msinikatize kwenye hesabu. Ngano hii ina hesabu, na nikikosea hata hatua moja, kuna mtoto atakufa kwa kiu.

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Nyati dume, aliyekuwa amekunywa peke yake tangu asubuhi, aliingia katikati ya dimbwi akalala. Chubwi! Maji yakageuka tope. Nalo ndilo lilikuwa dimbwi pekee lenye maji upande ule wa nyika, na foleni ya wanyama wenye kiu ilikuwa imesimama tangu saa tatu.

Katika foleni ile alikuwemo Sange. Kama humjui Sange, ni mnyama mdogo kama panya, ana pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba kama njiti. Kila alfajiri hufagia vijia vyake, na hapendi kuona hata jani moja limelala njiani. Huyu alikuwa jike, na alikuwa na mtoto wa siku tisa.

"Bwana Nyati," Sange akaita, "sisi wengine bado hatujanywa."

Nyati akafungua jicho moja. "Nani anaongea?"

Ukingoni alisimama ndege Korongo, kwa mguu mmoja. Huyu alikuwa katibu wa mbio. Kazi yake ilikuwa kukumbuka kanuni, na hakuwahi kusahau hata moja, wala hakuwahi kuitafakari hata moja.

"Ni jike, mheshimiwa," akasema Korongo. "Na jike hasemi kikaoni."

"Hiki si kikao," akasema Sange. "Ni foleni."

"Mheshimiwa akiwepo, ni kikao."

Nyati akafumba jicho.

Sasa sikilizeni hizo kanuni zilivyokuwa. Kila Jumamosi, saa moja asubuhi, palikuwa na mbio. Zilianzia Jiwe Jeupe, zikazunguka kichaka kikubwa cha miiba, zikaishia kwenye gogo lililolala kando ya dimbwi. Mshindi ndiye aliyekunywa kwanza wiki nzima, na ndiye aliyeamua nani anywe baada yake. Madume walikimbia. Majike walifagia njia ili madume wasichomwe na miiba.

Zamani madume wote walikunywa asubuhi na majike wakanywa jioni. Lakini Nyati alipoona dimbwi linapungua, akaona hata madume wamezidi. Jumamosi ya kwanza ya kiangazi alimshinda Ngiri, akamwambia, "Umekimbia kama jike. Nenda kanywe na majike."

Ngiri akaonyesha meno yake mawili yaliyopinda. "Mheshimiwa, mimi ni dume. Si unaona?"

Nyati akacheka mpaka mate yakamruka. "Meno hayakimbii! Dume ni yule anayefika kwanza. Wengine wote ni majike. Korongo, ikumbuke hiyo."

Korongo akaikumbuka.

Tangu siku hiyo palikuwa na dume mmoja tu nyikani. Ngiri na Pofu, yule swala mkubwa, na wenzao walikunywa tope pamoja na majike. Kufagia, hata hivyo, walikataa. "Kufagia ni kazi ya majike wa kuzaliwa," alisema Ngiri, na tope limemjaa puani.

Jumanne ile jioni, zamu ya majike ilipofika, mtoto wa Sange alilamba tope, akakohoa, akalala ubavu. Sange akamtazama ulimi. Ulikuwa mkavu kama gome. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka tangu Jumapili. Akamhesabia mtoto pumzi, akalinganisha na za jana, na za juzi. Kwa hesabu yake, mtoto angefika Jumamosi. Jumapili asingefika.

Alfajiri ya Jumatano, majike walikuwa njiani wanafagia na wimbo wao ule wa siku zote. Nitauanza, nanyi mniitikie:

Fagia, fagia!
— Njia ya nani?
Fagia, fagia!
— Ya mwenye miguu!

Chwa, chwa, chwa. Sange alifagia karibu na rafiki yake Kanga, yule ndege mwenye madoa, ambaye Jumamosi hupiga ukelele wa kuanzisha mbio.

"Shoga," akasema Sange, "Jumamosi nakimbia."

"Unakimbia kwenda wapi?"

"Kwenye mbio. Na Nyati."

Ufagio ukamdondoka Kanga. "Weye! Una homa?"

"Sina homa, nina hesabu. Njia hii, kuzunguka kichaka, ni hatua mia tatu na sitini za Nyati. Nimezihesabu nikifagia nyayo zake. Hatua yake moja ni kumi na nane zangu. Lakini yeye akipiga moja, mimi napiga saba."

"Basi atakuacha mbali."

"Kwa njia hii ataniacha sijafika hata nusu. Lakini kichaka chenyewe, ukikipasua katikati, ni hatua zangu elfu mbili na mia nne. Nyati akimaliza mzunguko, mimi nitakuwa na nafasi ya kupiga elfu mbili, mia tano na ishirini. Namzidi hatua mia na ishirini."

"Shoga, kichakani si njia. Pofu si alikata kona majanini akafutwa? Nyati alisemaje siku ile?"

"Sema wewe. Alisemaje?"

"Alisema njia ya mbio ni ile iliyofagiwa. Iliyobaki ni majani."

"Haya. Na anayefagia ni nani?"

Kanga akautazama ufagio wake pale chini kama ndiyo kwanza anauona.

"Watakukanyaga," akasema taratibu.

"Huenda."

"Na wakikuzuia mstarini?"

"Kwa kanuni gani? Nimemsikiliza Korongo tangu nizaliwe. Hakuna kanuni inayomkataza jike kukimbia. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inahitajika."

Basi Sange akaingia kichakani, chini kabisa ya miiba, mahali ambapo hata kichwa cha Ngiri hakipiti. Jumatano alifagia hatua mia nane. Alhamisi, mia nane. Ijumaa, mia nane. Chwa, chwa, chwa. Jani hili pembeni, kijiti kile pembeni. Alipomaliza, kijia kilinyooka kutoka karibu na Jiwe Jeupe hadi kwenye gogo, upana wa kiganja, safi kama sahani. Kila jioni alirudi kwa mtoto na kumhesabia pumzi. Zilipungua. Zilipungua kama alivyohesabu, na hilo halikumfariji hata kidogo.

Jumamosi ikafika. Saa moja kasoro dakika tano, madume walisimama kwenye Jiwe Jeupe. Nasema madume kwa mazoea tu, dume alikuwa mmoja. Nyati alikuwa katikati. Majike walikuwa pembeni na fagio zao, thelathini na moja kwa hesabu. Mmoja akatoka, akaenda mbele, akakanyaga mstari.

"Umesahau jani?" akauliza Nyati.

"La, bwana. Nakimbia."

Kicheko kikapasuka. Ngiri akasogea, akainama, akasema kwa upole kama daktari, "Bi Sange, usifanye hivyo, mama. Jike akikimbia hatua elfu, kizazi hudondoka. Jambo linajulikana."

"Mimi hukimbia hatua elfu sita kila siku nikifagia njia yenu," akasema Sange. "Na huyu mwanangu ni wa nne."

Pofu akageuka, akajifanya anakohoa.

"Mwacheni," akasema Nyati. "Nikimkanyaga sitajua hata kama nimemkanyaga." Kisha akashusha kichwa hadi pua yake ikagusa vumbi mbele ya miguu ya Sange. "Leo nikishinda, nyinyi majike hamtakunywa hata hilo tope. Kwa ajili yako. Umesikia?"

Majike wote walisikia. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Sange, rudi. Tafadhali." Sange hakurudi. Akaibana miguu yote minne mstarini.

Kanga akavuta pumzi.

Kererereee!

Gdum! Gdum! Gdum! Nyati akaondoka, na vumbi likafunika kila kitu. Vumbi lilipotua, Sange hakuonekana tena. Wengine walidhani ameshakanyagwa. Lakini alikuwa chini ya miiba, tip-tip-tip-tip, anahesabu. Mia. Mia mbili. Mia tano. Upande wa kushoto alisikia gdum! gdum! ikizunguka. Elfu moja. Njia ilikuwa safi, miguu iliijua, hakuhitaji hata kutazama. Elfu moja na mia tano. Elfu moja na mia nane.

Hatua ya elfu moja na mia tisa, akasimama.

Tawi la mgunga lilikuwa limeanguka katikati ya kijia. Jana halikuwepo. Lilikuwa nene kumshinda yeye mwenyewe, na miiba yake ilitazama kila upande.

Angelizunguka, angetoka kwenye njia iliyofagiwa, na kutoka njiani ni kufutwa. Gdum! Gdum! Sauti sasa ilikuwa inapinda kona ya mwisho. Sange akaweka pua chini ya tawi, akasukuma. Halikwenda. Akaweka bega. Mwiba ukaingia, akasukuma pamoja nao. Tawi likajivuta kidogo. Akahesabu hatua alizokuwa anazipoteza, maana hakuweza kuacha kuhesabu: thelathini, sitini, themanini. Tawi likabiringika pembeni. Mia moja.

Mia na ishirini toa mia moja. Akiba yake ilikuwa hatua ishirini. Kwa Nyati hizo hazifiki tatu.

Tip-tip-tip-tip-tip! Elfu mbili. Elfu mbili na mia mbili. Ardhi ilikuwa inatikisika, mchanga ukiruka kijiani mbele yake. Elfu mbili na mia tatu. Mwanga mbele. Gdum! Gdum! Sange akachomoka kichakani kama mbegu inayofyatuka kwenye ganda, akaruka, akatua juu ya gogo. Kivuli cha pembe kikamfunika.

Korongo alikuwa pale, mguu mmoja.

"Wa kwanza, Sange," akasema. "Wa pili, Nyati. Wa tatu, bado anakuja."

Hakuna aliyeshangilia.

"Hakupita njiani!" akanguruma Nyati.

Korongo akaenda kwenye mdomo wa kijia, akaingiza shingo yote ndefu. Akakaa humo muda mrefu. Akatoka. "Kumefagiwa, mheshimiwa. Kuna tawi moja tu, nalo limewekwa pembeni. Njia ni ile iliyofagiwa. Ulisema siku ya Pofu."

Ngiri na Pofu wakafika wakihema, na majike nyuma yao na fagio zao. Nyati akawageukia. "Jike hawezi kunishinda mimi. Kuna kitu hapa. Mkagueni!"

Wakamsimamisha Sange palepale juu ya gogo, mbele ya wote, na damu ikimtiririka begani. Pofu akampima miguu kwa ukwato. Ngiri akamhesabu meno. "Geuka," wakamwambia. Akageuka. "Inua mkia." Majike wote wakatazama chini. Sange akatazama mbele, akihesabu pumzi zake mwenyewe ili asilie. Alifika arobaini na mbili.

Ndipo mtoto wake, aliyeachwa kivulini karibu na gogo, akasikia harufu ya mama. Akajikokota, akapanda gogo, akaanguka, akapanda tena. Akaingia chini ya tumbo la Sange, akaanza kunyonya. Hapakuwa na kitu. Akanyonya hivyo hivyo.

Ngiri akarudi nyuma. Masikio yake yalikuwa yamelala. "Jike, bwana," akasema. "Hata kukagua hakukuhitajika."

"Basi!" akasema Nyati. "Ni jike. Ushindi umefutwa."

"Umefutwa kwa kanuni ipi?" akauliza Korongo. Hakuuliza kwa ujasiri. Aliuliza ili aikumbuke.

"Huoni? Ananyonyesha!"

Korongo akafumba macho, akatafuta kichwani. "Mheshimiwa, Jumamosi ya kwanza ya kiangazi Ngiri alionyesha meno. Ukasema meno hayakimbii. Dume ni yule anayefika kwanza, wengine wote ni majike." Akafungua macho. "Nadhani na maziwa hayakimbii. Aliyefika kwanza ni Sange. Dume ni Sange."

"Na mimi?"

Korongo akashusha mguu mmoja, akainua wa pili. "Wewe ni wa pili, mheshimiwa."

Nyati akapiga ukwato chini.

"Mimi nasema..."

"Jike hasemi kikaoni," akasema Korongo.

Nyati akazunguka na macho mekundu. "Ngiri! Pofu! Semeni kitu!"

Pofu akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Ngiri akajikuna. "Tungesema, bwana. Lakini mimi ni jike kwa wiki ya ishirini na tatu sasa. Na sisi, kama unavyojua, hatusemi kikaoni."

Hapo Nyati akaacha maneno. Akashusha pembe kuelekea gogo. Gdum, hatua moja. Sange hakushuka, kwa sababu mtoto bado alikuwa ananyonya patupu, na kama angeshuka mtoto angeanguka. Akasimama tu, mdogo kama panya. Gdum, hatua ya pili.

Kanga akaja akasimama mbele ya gogo na ufagio wake. Alikuwa anatetemeka mpaka madoa yake yalicheza. Jike mwingine akaja. Na mwingine. Fagio thelathini zikasimama mstari mmoja. Mwisho akaja Ngiri, akajiweka pembeni yao. Sisemi alikuwa anampenda Sange. Alikuwa na kiu.

Nyati akatazama mbele, akatazama nyuma. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akapandisha pembe, akapisha.

"Dume," Korongo akamwambia Sange, "anywe nani?"

"Mtoto," akasema Sange.

Mtoto akanywa. Maji yalikuwa yametulia tangu alfajiri, na chini yalionekana mawe. Akanywa, akakohoa, akanywa, akainua kichwa na kumtazama mama yake kwa hasira kama anayeuliza hiki kitu kilifichwa wapi siku zote. Sange akamhesabia pumzi. Akazihesabu mara tatu kabla ya kuamini.

"Wengine wanywe kwa foleni," akasema, "kila mtu alipo. Na asilale mtu majini."

Nyati alikunywa jioni, wa mwisho. Maji yalikuwa safi, maana hakuna aliyelala ndani. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Na funzo la ngano yangu ni hili: majike, msikimbie. Kukimbia hudondosha kizazi, mmesikia wenyewe, Ngiri kasema. Nyinyi shikeni fagio zenu mkafagie, mkafagie sana, wala msijisumbue kujua njia inakwenda wapi. Mambo ya mbio waachieni madume. Wapo wengi. Alikuwepo mmoja.

Hodi niliipiga.
— Tukaiitikia!
Sasa natoka.
— Hutoki! Yule Sange alibaki dume?

Nyie nanyi. Nilidhani mmeshaniaga.

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Sange alikwenda Jiwe Jeupe na fagio mbili. Mtoto wake alikuwa nyuma yake, anakimbia, anaanguka, anakimbia. Wanyama wote walikuwa wamekusanyika, na Korongo akauliza, "Dume Sange, una kanuni yoyote ya kukumbukwa wiki hii?"

Angeweza kunyamaza. Angebaki dume peke yake mpaka mvua, na hakuna ambaye angelalamika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema. Alilifikiria jambo hilo. Siwafichi, alilifikiria kwa pumzi kumi na moja.

"Ile ya kwamba wa kwanza ni dume na waliobaki ni majike," akasema, "isahau. Na ile ya nani asiseme kikaoni, nayo isahau."

"Sijawahi kusahau kanuni," akasema Korongo kwa hofu.

"Jaribu. Mahali pake weka hii: anayetaka kukimbia, afagie."

Kisha akamwendea Nyati, aliyesimama mbali peke yake, akaweka ufagio mmoja mbele ya kwato zake. Hakungoja kuona kama atauokota. Akashika ule wa pili, akarudi mstarini, akaanza upande wake wa njia. Chwa, chwa, chwa.